Walter Scott na Watu wa Nchi Yake

Upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa cha Uingereza iko nchi iitwayo Uskoti. Zamani Waskoti walikuwa na mfalme wao wenyewe. Mwaka 1603 mfalme wao alirithi na kiti cha Uingereza, na mwaka 1707 bunge lao likaunganishwa na bunge la London. Walakini sheria zao na mahakama zao zilibaki zao wenyewe. Kusini mwa nchi hiyo ni mashamba na vilima vya kondoo, na watu wa huko husema Kiskoti, lugha iliyo ndugu wa Kiingereza. Kaskazini na magharibi ni milima mirefu na maziwa, na katika siku za habari hizi watu wa Milimani walisema Kigaeli, lugha isiyofanana na Kiingereza hata kidogo. Wale wa kusini waliwaogopa wa Milimani, na wa Milimani waliwadharau wa kusini.

Watu wa London hawakujua tofauti hiyo, wala hawakutaka kuijua. Katika michezo yao ya kuigiza, Mskoti alikuwa mtu wa kuchekwa, mwenye choyo na maneno ya ajabu. Hata wenye elimu wa mji wa Edinburgh walianza kuona haya kwa lugha ya mama zao, wakajizoeza kusema kama watu wa London. Aliyewafanya wasomaji wa Ulaya nzima wamwone Mskoti kuwa mtu kamili, mwenye akili yake na huzuni yake na mzaha wake, alikuwa kiwete mmoja, mwana wa mwanasheria, na jina lake Walter Scott.

Alizaliwa Edinburgh tarehe 15 Agosti 1771. Baba yake alikuwa mtu mnyofu, mkali katika mambo ya dini. Mama yake alikuwa binti wa mwalimu wa uganga katika chuo kikuu cha mji huo. Nyumba yao ilikuwa katika kichochoro chembamba kisicho na hewa nzuri, na watoto kadhaa wa nyumba hiyo walikufa wangali wachanga. Walter alipokuwa na umri wa miezi 18 alishikwa na homa. Siku ya nne, walipomwogesha, wakaona kwamba mguu wake wa kuume hauna nguvu. Waganga wakajaribu dawa zao bila kufaa. Mwisho wakashauri apelekwe shamba, penye hewa safi. Basi akapelekwa kwa babu yake, Robert Scott, mahali paitwapo Sandyknowe, karibu na mpaka wa Uingereza.

Huko walijaribu kila dawa waliyoijua. Kondoo alipochinjwa, mtoto alivingirishwa katika ngozi ingali na joto, akalazwa sakafuni, na babu yake mzee akajaribu kila njia ya kumshawishi, ili apate kutambaa. Mguu haukupona. Lakini mtoto alipata kitu kingine katika shamba lile. Kila asubuhi palipokuwa na jua, mchungaji alimbeba akampeleka malishoni, akamlaza majanini kati ya kondoo. Siku moja watu walimsahau huko, ikaja mvua ya radi. Shangazi yake Janet akatoka mbio kumtafuta, akamkuta amelala chali, akiutazama umeme na kupiga makofi kwa furaha.

Jioni zilikuwa za hadithi. Juu ya kilima, karibu na nyumba, ulisimama mnara mkongwe wa Smailholm, uliojengwa zamani kuwazuia wanyang'anyi. Bibi yake, mama wa baba, aliyajua mambo ya siku zile, Waskoti na Waingereza wa mpakani walipokuwa wakivuka usiku kuibiana ng'ombe. Na wengine waliotajwa katika visa hivyo walikuwa wa ukoo wa Scott wenyewe. Shangazi Janet naye alimsomea mashairi ya zamani. Mtoto akayashika kwa moyo hata kabla ya kujua kusoma, naye aliyasema kwa sauti kuu mno hata kasisi wa mtaa, akija kuzungumza, hakuweza kusikilizana na wenye nyumba.

Alipopata nguvu kidogo alirudi mjini, akaingia shule mwaka 1779. Masomoni hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho. Lakini wakati wa baridi, watoto walipozuiwa kucheza nje, walimzunguka karibu na moto awasimulie hadithi. Alichechemea maisha yake yote. Hata hivyo alizoea kutembea maili nyingi kwa fimbo yake, na kupanda farasi mahali pasipo njia.

Akiwa na umri wa miaka 14 akawa mwanafunzi katika ofisi ya baba yake. Kazi ilikuwa kunakili hati za sheria tangu asubuhi hata jioni, nayo ilimchosha. Walakini katika ofisi ile alikutana na watu. Mmoja wa wateja wa baba yake alikuwa mzee wa Milimani, Alexander Stewart wa Invernahyle. Mwaka 1745 watu wengi wa Milimani walimwasi Mfalme George wa Pili, wakimfuata mwana wa ukoo wa wafalme wa zamani wa Uskoti, na mzee huyu alikuwa mmoja wao. Kijana Walter hakuchoka kumwuliza maswali, na mzee hakuchoka kujibu.

Moja la masimulizi yake lilikuwa hili. Katika vita vya Prestonpans, askari wa mfalme walipokuwa wakikimbia, Invernahyle alimwona afisa mmoja amesimama peke yake penye mizinga, hataki kukimbia. Afisa akampiga kwa upanga, naye akalipokea pigo kwa ngao. Mtu mmoja wa Milimani alikuwa amekwisha kuinua shoka amwue yule afisa, lakini Invernahyle akamzuia, akamsihi afisa ajitoe, akamwokoa yeye na mali yake. Afisa yule ni Kanali Whitefoord. Mwaka wa pili, mwezi wa Aprili, waasi walishindwa kabisa huko Culloden, na Invernahyle akajificha katika pango karibu na nyumba yake, huku askari wanakaa katika nyumba ile ile, na binti yake mdogo akimpelekea chakula kwa siri. Ndipo Kanali Whitefoord alipokwenda kwa jemadari mkuu, mwana wa mfalme, amwombee mtu yule msamaha. Akakataliwa. Akaomba basi mke wake na watoto wake na nyumba yake viachwe salama. Akakataliwa tena. Ndipo kanali alipoitoa hati yake ya ukanali, akataka kuirudisha, kwani hakuweza kumtumikia mfalme asiyemruhusu kulipa wema. Jemadari akalegea, akatoa amri nyumba ile isiguswe.

Kisa hiki Scott alikiweka moyoni kwa miaka mingi. Katika kisa chenyewe hapakuwa na mwovu. Wote wawili walikuwa waaminifu, kila mmoja kwa bwana wake, nao walipigana. Mtu aliyekisikia kutoka kinywani mwa mmoja wao hangeweza tena kuandika vita ile kama kwamba wema wote walikuwa upande mmoja.

Mwaka 1792 Scott akawa wakili. Mwaka huo huo akaanza safari zake za Liddesdale, bonde la mpakani ambalo lilikuwa halina barabara. Kwa miaka saba, karibu kila mwaka, alikwenda huko pamoja na rafiki yake, hakimu Robert Shortreed. Hapakuwa na hoteli. Walilala mara kwa kasisi, mara katika nyumba za wachunga kondoo, wakala walichopewa, wakakaa penye moto pamoja na wenyeji na mbwa wao. Scott alitafuta tenzi za zamani, zile ambazo watu waliimba bila kuziandika. Inasemekana gari la kwanza la magurudumu kuonekana katika bonde lile lilikuwa la Scott mwenyewe, katika safari ya mwisho. Shortreed alisema baadaye kwamba wakati ule Scott alikuwa akijitengeneza, wala hakujua ni kitu gani anachokitengeneza.

Tenzi zile alizipiga chapa mwaka 1802 na 1803. Hapo alipata na karipio. Mama mmoja mzee, Margaret Laidlaw, mama wa James Hogg, mchungaji aliyekuwa mshairi, alikuwa amemwimbia baadhi ya nyimbo zake. Alipokiona kitabu alimwambia Scott wazi kwamba nyimbo zile zilifanywa ziimbwe, si zisomwe, na kwamba yeye amezivunja zisiimbwe tena. Mtu mwenye kiburi angeudhika. Scott alicheka, akaendelea kuja nyumbani kwa watu kama hao.

Mwaka 1797 alikuwa amemwoa Charlotte Carpenter, binti aliyezaliwa Ufaransa, na mwaka 1799 alifanywa hakimu wa wilaya ya Selkirk. Kazi hiyo nayo ilimletea watu. Mmoja, Tom Purdie, aliletwa mbele yake kwa kosa la kuwinda bila ruhusa. Alijitetea kwamba ana mke na watoto, kazi ni haba, lakini ndege wa porini ni tele. Hakimu akaona kuna akili katika majibu yake, akampa kazi ya kuchunga kondoo wake. Purdie akakaa naye miaka mingi mpaka kufa kwake, akiwa mtumishi na tena rafiki, wala hakuogopa kumpinga bwana wake mbele ya wageni.

Kwanza Scott alipata sifa kwa mashairi marefu, la kwanza mwaka 1805. Lakini mwaka 1812 alitokea mshairi kijana, Lord Byron, na Scott akaona mara kwamba huyu anamshinda. Siku moja, mwaka 1813, alikuwa akitafuta ndoana na mishipi ya kuvulia samaki katika meza kuukuu iliyowekwa darini. Ndani yake akakuta karatasi alizoziandika na kuziacha miaka mingi iliyopita, mwanzo wa hadithi juu ya vita vya 1745. Akazisoma, akaamua kuimaliza. Sehemu kubwa ya mwisho aliiandika kwa muda wa majuma matatu. Kitabu kilitoka Julai 1814, nacho kiliitwa Waverley. Na ndani yake mtu yeyote aliyepata kumsikia mzee wa Invernahyle angaliweza kumtambua kanali na mwasi aliyemwokoa. Jina la mwandishi halikuandikwa. Vitabu vilivyofuata vilisema tu kwamba ni vya yule aliyeandika Waverley, na Scott akiulizwa alikana.

Vilitoka vitabu vingi, kwa haraka, pengine viwili kwa mwaka mmoja, na si vyote vilivyo sawa. Mahali pengi hadithi yaanza polepole mno, na vijana wakuu wa hadithi, wale waungwana wazuri wanaopendana na wasichana wazuri, ni kama sanamu. Lakini mara aingiapo mchungaji, au mwombaji, au mtumishi mwenye kubishana na bwana wake, ukurasa wote wapata uhai. Scott alikuwa na desturi ya kuandika masimulizi yake kwa Kiingereza, bali watu wake aliwaacha waseme Kiskoti chao, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake na mahali pake. Wakili hasemi kama mvuvi. Na mtu yule yule akikasirika au akihuzunika, Kiskoti chake chazidi.

Katika kitabu chake The Antiquary, cha mwaka 1816, kuna mvuvi ambaye mwanawe amekufa maji. Baada ya maziko bwana mmoja, jirani yake, akaenda pwani, akamkuta baba yule anatengeneza mashua ile ile iliyomwua mwanawe. Bwana akastaajabu. Mvuvi akamjibu kwa ukali kwamba mabwana waweza kukaa nyumbani na vitambaa machoni wakifiwa, lakini watu kama yeye hawana budi kurudi kazini, ijapokuwa moyo unapiga kama nyundo. Maana watoto wanne wengine wanataka kula. Kisha akaikasirikia mashua, kana kwamba ni mtu aliyemkosa. Aliyeandika hayo aliwajua wafiwa walio maskini.

Lakini mtu aliye bora kuliko wote katika vitabu vya Scott ni Jeanie Deans, na asili yake ni mtu wa kweli. Katika mtaa wa Irongray, karibu na mji wa Dumfries, alikuwako msichana maskini, jina lake Helen Walker, aliyemlea mdogo wake Isobel baada ya baba yao kufa. Isobel akazaa mtoto kwa siri, hana mume, na mtoto akaonekana amekufa. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1690 ilikuwa kali: mwanamke aliyeficha mimba yake, asimwambie mtu wala asiite msaada, na mtoto akifa au akipotea, alihesabiwa kuwa mwuaji. Basi Helen kama angaliapa mbele ya mahakama kwamba mdogo wake alimwambia neno moja tu juu ya hali yake, Isobel angaliokoka. Lakini Isobel hakumwambia kitu, na Helen hakukubali kuapa uwongo. Isobel akahukumiwa kufa, mwaka 1738. Ndipo Helen alipoandikiwa barua ya maombi, akaenda London kwa miguu, zaidi ya maili 300, akafika kwa Duke wa Argyll, mkuu wa Kiskoti mwenye nguvu mbele ya mfalme, akapata msamaha, akarudi nao kwa wakati. Isobel akaishi, akaolewa. Helen hakuolewa. Aliendelea kufuga kuku na kufuma soksi mpaka alipokufa mwaka 1791, wala hakupenda kujisifu kwa jambo lile. Mama mmoja aliyemfahamu katika uzee wake ndiye aliyemwandikia Scott habari zake.

Mwandishi mwingine, akiipata habari kama hiyo, angemfanya msichana kuwa mzuri wa uso na hodari wa maneno. Scott hakufanya hivyo. Katika The Heart of Midlothian, kilichotoka mwaka 1818, Jeanie ni binti wa mfuga ng'ombe, si mzuri, na maneno yake ni ya nyumbani. Katika safari yake huko Uskoti anatembea miguu mitupu na kubeba viatu vyake ili visichakae, kama wasichana wa kwao walivyofanya. Lakini afikapo Uingereza watu wanamcheka, basi anavaa viatu, ingawa aona ni hasara. Karibu na London Duke anasimamisha gari amwonyeshe mandhari iliyosifiwa na wote, mto na miti na majumba ya wakubwa. Jeanie anatazama kwa adabu, kisha anasema kwamba ni malisho mazuri ya ng'ombe. Neno hilo moja lamfanya asomaye aamini kwamba amekuwapo msichana huyu, na kwamba baba yake alikuwa na ng'ombe. Na kwa kuwa amemwamini katika jambo dogo, amwamini na katika lile kubwa, asimamapo mahakamani, mdogo wake akimtazama, naye hawezi kusema lile neno moja.

Pale ambapo Scott hakuketi na watu kiasi hicho, kazi yake ilipwaya. Kigaeli hakukijua. Watu wake wa Milimani ni hodari na wenye heshima, lakini mara nyingi waonekana kwa mbali, kama watazamwavyo na mgeni. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alikuja Edinburgh, na Scott, ambaye alikuwa amekwisha kupewa cheo cha Sir, aliwekwa kutengeneza sherehe. Akawataka watu wavae nguo za miraba za Milimani. Basi wanasheria na wafanya biashara wa kusini, ambao babu zao waliwakimbia watu wa Milimani, wakavaa nguo zile, na mfalme mnene naye akavaa. Waskoti wengine waliona aibu, hata mkwe wa Scott mwenyewe aliandika baadaye kuyalaumu mambo hayo. Na katika miaka ile ile wenye ardhi walikuwa wakiwatoa watu wa Milimani katika mabonde yao ili waweke kondoo. Nguo zao zilisifiwa mjini na nyumba zao zikabomolewa kwao.

Mtu aliyemwandika Jeanie Deans alikuwa na siri zake mwenyewe. Ya kwanza, ile ya jina lake, haikumdhuru mtu. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Tangu mwaka 1805 alikuwa mshirika katika kiwanda cha kupiga chapa cha rafiki yake James Ballantyne, na watu hawakuambiwa. Hakimu na karani wa mahakama kuu hakutazamiwa kuwa mfanya biashara. Fedha zilipatikana nyingi, na Scott alizitumia kununua mashamba kando ya mto Tweed na kujenga nyumba kubwa kama ngome, Abbotsford. Mara nyingi alizitumia kabla hajazipata, kwa hati za ahadi, akiahidi vitabu ambavyo hajaviandika.

Mwezi wa Januari 1826 wauza vitabu wa London walianguka, wakaanguka na wachapaji wa vitabu vyake wa Edinburgh, na kiwanda cha Ballantyne kikaanguka juu yao. Siri ikajulikana. Scott akaonekana anadaiwa karibu pauni 120,000, naye alikuwa na umri wa miaka 54.

Sheria ilimpa njia ya kuokoka. Angaliweza kutangazwa muflisi, mali yake ikauzwa, wadai wakapata sehemu, na yeye akawa huru. Hakukubali. Marafiki walimletea fedha. Hata mwalimu aliyewafundisha binti zake kinubi alitaka kumpa akiba yake. Hizo nazo akazikataa. Akaomba jambo moja tu, kwamba apewe muda, naye ataulipa mkono wake wa kuume, yaani kwa kuandika. Wadai wakakubali. Nyumba yake ya mjini ikauzwa, na mwezi wa Mei mwaka ule ule mkewe akafa. Scott alikaa katika nyumba ya kupanga, akaandika. Mwaka 1827 akatoa habari za maisha ya Napoleon katika mabuku 9. Mwezi wa Februari wa mwaka huo, mbele ya watu waliokusanyika karamuni, alikiri kwamba ndiye aliyeandika vitabu vile vyote. Tangu mwaka 1829 vitabu vyake vilianza kupigwa chapa upya, na safari hii aliandika dibaji, akataja waziwazi wale aliopata habari kwao, mzee wa Invernahyle, Helen Walker, na wengine wengi.

Mwezi wa Februari 1830 alipatwa na kiharusi. Waganga wakamkataza kazi. Akaendelea, ijapokuwa maandishi yake yalianza kuharibika na maneno mengine yalimpotea. Mwisho wa mwaka ule wadai, kwa kuona juhudi yake, wakamrudishia vitabu na vyombo vya nyumba yake. Mwaka 1831 aliweka jiwe juu ya kaburi la Helen Walker huko Irongray, maana alikuwa amezikwa bila alama yoyote.

Katika mwaka huo serikali ikampa nafasi katika manowari aende Malta na Italia kutafuta afya. Hakuipata. Akarudishwa mgonjwa sana, hajui alipo, hata gari lilipoingia katika bonde la Tweed akaanza kutaja majina ya vilima, na alipoziona paa za Abbotsford ilikuwa vigumu kumzuia asiruke. Alifariki huko tarehe 21 Septemba 1832, mchana, madirisha yakiwa wazi, na sauti ya mto ikipita juu ya mawe ikasikika chumbani. Alizikwa katika magofu ya Dryburgh, kando ya mkewe. Deni lililobaki lililipwa baada yake kwa fedha za bima ya maisha yake na mapato ya vitabu vyake.

Nyumba ya Abbotsford ingalipo, na watu huenda kuitazama. Katika ukuta wake mmoja umejengwa mlango mzito wa gereza la kale la Edinburgh, ambao Scott aliuomba gereza lilipobomolewa mwaka 1817. Ndilo gereza ambamo, katika hadithi yake, mdogo wa Jeanie Deans alingojea hukumu.